MAISHA YA GEORGE BORROW, MUTU ALIYEPELEKA AGANO JIPYA KATIKA MIJI YA BAHARI YA HISPANIA

Katika barua kwa Waroma, sura ya 15, mutume Paulo anaandika mara mbili ya kwamba anataka kwenda mupaka Hispania. Kama alifika ao hakufika, Biblia haisemi. Jina la inchi ile linabaki pale tu, sawa kazi ambayo bado kuisha. Katika numero hii tumewaza vema kuwaeleza maisha ya mutu mumoja aliyekwenda kule karibu miaka 1800 nyuma ya Paulo, na muzigo wa Maandiko juu ya farasi. Jina lake George Borrow, Mwingereza. Sisi wote tunajua Livingstone na Stanley, juu walipita katika inchi zetu. Huyu hakufika kwetu. Lakini kila mwanafunzi anayebeba Biblia mukononi na kuingia nayo katika somo la dini, pasipo askari kumuuliza neno, anaweza kujifunza kitu kwake.

1. Utoto na masomo yake

George Borrow alizaliwa tarehe 5 Julai 1803 kwa East Dereham, jimbo la Norfolk, upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake Thomas alikuwa askari, na kazi yake ilikuwa kutafuta vijana wa kuingia jeshi. Mama yake Ann alikuwa wa uzao wa Wahuguenot, ni kusema wale Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia inchi yao juu ya mateso. Basi neno la kukimbizwa kwa sababu ya imani lilikuwa neno la jamaa yake tangu zamani.

Kwa sababu ya kazi ya baba, jamaa haikukaa fasi moja. Leo kambi hii, mwaka kesho kambi ile: Uingereza, Scotland, Ireland. Mutoto wa askari anabadilisha masomo kila mara, na mara mingi anabaki nyuma ya wenzake. Lakini George alipata faida katika taabu ile: kila fasi alikamata luga ya watu wa pale. Kule Ireland alijifunza Kiairishi, luga ambayo Waingereza wengi waliizarau. Kisha jamaa ikakaa katika muji wa Norwich. Pale padri mumoja Mufaransa mukimbizi akamufundisha Kifaransa na Kiitalia.

Katika mwaka 1819 baba akamuweka kwa ma-avoka ajifunze kazi ya sheria kwa miaka 5. Kijana alikaa mezani, lakini kichwa kilikuwa pengine. Kati ya makaratasi ya kesi alikuwa anaficha mabuku ya luga: Kiwelshi, Kidenmark, Kijerumani. Baba alihuzunika sana, akajiuliza mutoto huyu atakula nini kwa luga zile zote. Baba alikufa katika 1824, naye hakuona jibu.

Mwaka ule ule George akaenda London na mashairi aliyotafsiri, akiwaza kwamba watu wa kuchapa vitabu watayapigania. Hakuna aliyeyataka. Akapata kazi ndogo ya kukusanya habari za kesi kubwa za zamani, malipo kidogo, njaa mingi. Katika 1825 akatoka London kwa miguu, akatembea vijijini, tena akafanya urafiki na Wagitano. Hawa ni watu wanaohama na hema na farasi zao, wale Wafaransa wanawaita Tsiganes. Watu wa Ulaya waliwaogopa na kuwafukuza. Borrow alikaa nao karibu na moto wao, akajua luga yao. Angalieni neno hili vizuri, litarudi mbele.

2. Kilomita 180 kwa miguu

Katika mwaka 1804 Chama cha Biblia kilianzishwa London juu ya kuchapa Maandiko kwa luga zote. (Ni chama kile kile kilichochapa Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja katika 1891.) Mwanzo wa 1833 wakubwa wa chama wakasikia habari za kijana wa Norwich mwenye luga mingi, wakamwita. Borrow hakuwa na feza ya gari la farasi. Akatoka Norwich kwa miguu mupaka London, karibu kilomita 180, akazimaliza kwa saa 27 na nusu. Katika njia alikunywa bia kidogo na maziwa, akakula mukate mudogo na matofaa mawili. Sisi wenye kulalamika juu ya kilomita 6 za asubuhi tunyamaze.

Wakubwa wakamwambia ajifunze Kimanchu, luga ya wafalme wa China wa wakati ule. Hakuna mwalimu wa luga ile karibu naye. Wakamupa vitabu, akarudi nyumbani, nyuma ya miezi karibu 6 akafanya egzame na kupita. Wakamutuma Saint-Pétersbourg katika Urusi, aangalie kazi ya kuchapa Agano Jipya kwa Kimanchu. Herufi zilikuwa za shida, wafanyakazi hawakuijua luga, lakini katika 1835 nakala 1000 zikamalizika. Borrow akaomba ruhusa azipeleke yeye mwenyewe mupaka China. Serkali ya Urusi ikakataa. Ndipo chama kikamwambia aende Ureno na Hispania.

3. Inchi aliyoikuta

Mwezi wa Novemba 1835 akashuka Lisboa, na mwezi wa Januari 1836 akavuka mupaka akaingia Hispania kwa muji wa Badajoz. Watu wa kwanza aliokaa nao pale ni Wagitano.

Hispania ya wakati ule ilikuwa na vita. Mufalme alikufa katika 1833, akaacha mutoto mwanamuke, Isabel, ambaye hakutimiza hata miaka 3. Baba yake mudogo, Don Carlos, akasema kiti ni chake. Wakapigana kwa miaka karibu 7. Njia zilijaa askari na wanyanganyi, na mara ingine ni vigumu kujua nani ni nani.

Juu ya Maandiko, sheria ilikuwa nzito. Biblia ya luga ya watu haikuruhusiwa kama haina maelezo ya kanisa la Roma pembeni. Hata zamani ilikuwa hivyo. Katika karne ya 16 mutawa Casiodoro de Reina alikimbia kutoka Sevilla, akatafsiri Biblia nzima kwa Kihispania, ikachapishwa Bâle katika Uswisi mwaka 1569. Mwingine, Julián Hernández, aliingiza Maagano Mapya Sevilla kwa siri, wakamuchoma moto katika 1560. Baraza la mateso lililofanya mambo yale lilifutwa kabisa katika 1834 tu, ni kusema mwaka mumoja na nusu mbele ya Borrow kufika.

Borrow alienda Madrid kuomba ruhusa ya kuchapa. Waziri mumoja akamutuma kwa mwingine, kisha serkali ikaanguka, akaanza upya. Alizoea kungoja mulangoni kwa wakubwa. Mwisho wakamwachia njia, na katika 1837 Agano Jipya likachapishwa Madrid, nakala 5000. Tafsiri ilikuwa ya mukubwa mumoja wa kanisa Katolika lenyewe, Felipe Scío, lakini bila maelezo.

4. Cádiz, mulango wa bahari

Mbele ya kuchapa, Borrow alirudi kwanza Uingereza kuzungumuza na wakubwa wake. Katika Novemba 1836 akasafiri tena kwa masua. Karibu na Finisterre tufani ikawasukuma kwenye miamba, na wote waliwaza ya kuwa saa yao imefika. Gafula upepo ukageuka, ukawarudisha katikati ya bahari. Ni hivi alivyofika Cádiz.

Tuseme kidogo juu ya muji huu, juu wengi wetu tunausikia mara ya kwanza. Cádiz ni moja ya miji ya zamani sana ya Ulaya. Waliouanza ni Wafoinike, watu wa Tiro, ule muji ambao manabii wanautaja. Tena watu wengi wenye elimu wanafikiri kwamba Tarshishi, fasi ambayo Yona alitaka kukimbilia, ilikuwa upande huu huu wa kusini ya Hispania. Muji umekaa ndani ya bahari sawa mukono ulionyoshwa, maji pande zote, na ukanda mwembamba wa inchi unaufunga na bara. Nyumba ni nyeupe, juu ni bapa, na wafanya-biashara walijenga minara midogo juu ya nyumba zao wapate kuona masua zao kutoka mbali. Kwa miaka mingi utajiri wa Amerika ulipita pale. Lakini wakati Borrow alipofika, inchi za Amerika zilikuwa zimejitawala, na biashara ya Cádiz ilikuwa imerudi nyuma.

Alikuta watu na woga. Jenerali Gómez wa upande wa Don Carlos alikuwa ameingia katika jimbo la Andalucía na jeshi lake, akafika hata Algeciras kwenye bahari. Kila mutu alikuwa na habari yake, na habari zote zilipigana. Borrow hakugeuka. Alipita Sanlúcar, akapanda muto wa Guadalquivir mupaka Sevilla, kisha Córdoba, na toka pale akapanda farasi, akapita njia ya wanyanganyi mupaka Madrid, akafika mwisho wa Desemba.

5. Kifungo

Katika 1837 alipeleka vitabu upande wa kaskazini: Salamanca, León, Galicia. Pale Finisterre, fasi ile ile bahari ilipotaka kumumeza, wavuvi walimukamata wakisema huyu ni Don Carlos mwenyewe! Kidogo wamupige risasi. Fikirini: mutu murefu sana, nywele nyeupe kabisa bado kijana, analeta vitabu katika kijiji cha wavuvi wakati wa vita. Nani hangeshangaa?

Mwezi wa Novemba akafungua duka la Maandiko katika njia kubwa ya Madrid, akaandika jina la chama mbele ya watu wote. Katika Januari 1838 serkali ikamukataza kuuzisha. Na tarehe 1 Mei wakamutia katika kifungo.

Pale aliwashangaza wote. Balozi wa Uingereza aliingia katikati, na serkali ikataka kumufungulia mulango atoke kimya kimya. Borrow akakataa. Alisema hatatoka mupaka waseme wazi ya kuwa hana kosa. Alikaa siku 12, na wakati ule akajifunza luga ya siri ya wezi. Mwisho wakakubali neno lake. Paulo kule Filipi, Matendo sura ya 16, alifanya vile vile.

Lakini taabu haikutoka kwa serkali tu. Kulikuwa na mujumbe mwingine wa chama, Luteni Graydon, ambaye alizunguka katika miji ya bahari ya Mediterania mupaka Málaga. Huyu alitangaza makaratasi yenye maneno makali juu ya mapadri na kanisa lao. Serkali ikakasirika, ikafunga njia kwa wote wawili. Borrow aliwaandikia wakubwa wake kwa hasira, nao hawakupenda namna yake ya kuandika. Toka siku ile mapatano yao yalianza kupoa.

Wakati duka lilifungwa, alifanya nini? Alipanda farasi, akaenda vijijini karibu na Madrid na Toledo, akauzisha kwa wakulima kwa bei ndogo sana. Hakupenda kugawa bure. Aliona kwamba mutu akitoa kopa yake, hata moja, kitabu atakisoma. Tena Injili ya Luka ilikwisha kuchapishwa kwa luga ya Wagitano, na ni yeye mwenyewe aliyeitafsiri. Mukumbuke ule moto karibu na hema. Watu ambao hakuna aliyewaandikia hata barua, walipata Injili kwa luga yao mbele ya mataifa mengi makubwa.

6. Sanlúcar, Gibraltar, Tanger

Mwisho wa 1838 akashuka Cádiz mara nyingine, ikiwa safari yake ya tatu, akaikaa Sevilla. Vitabu vyake vikakamatwa. Masanduku mawili ya Agano Jipya yakafungwa katika nyumba ya duane ya Sanlúcar, na amri ikasema: yasibaki katika inchi.

Sanlúcar de Barrameda iko kwenye kinywa cha muto Guadalquivir. Hapo Colombo alianza safari yake ya tatu katika 1498. Hapo tena masua 5 za Magellan zilitoka tarehe 20 Septemba 1519. Nyuma ya miaka 3 masua moja ikarudi na watu 18, baada ya kuzunguka dunia nzima. Wakati wa kiangazi cha 1839 Borrow alishuka muto mupaka pale kutafuta masanduku mawili. Kama vitabu havina ruhusa ya kukaa Hispania, basi atavitoa Hispania kweli, lakini katika mikono yake mwenyewe. Akavichukua, akafika Cádiz, akapanda masua ya moshi.

Masua ilipita mbele ya Trafalgar, fasi ambapo Nelson alishinda na kufa tarehe 21 Oktoba 1805, wakati Borrow alikuwa mutoto wa miaka 2. Ikapita Tarifa, muji wa mwisho kabisa wa kusini, ambapo Afrika iko kilomita 14 tu ngambo ya maji. Ikafika Gibraltar. Jina hili ni la Kiarabu, maana yake mulima wa Tariki, jenerali aliyevuka kutoka Afrika katika 711. Waingereza waliukamata katika 1704. Borrow alitembea katika mashimo ambayo askari walichimba ndani ya mwamba wakati wa vita ya 1779 mupaka 1783, akaona na pango kubwa la Mutakatifu Mikaeli. Lakini kilichomupendeza zaidi ni watu: Wahispania, Wayuda, Wamoroko, Wagenova, Waingereza, wote katika njia moja nyembamba, na yeye anaweza kusema na kila mumoja kwa luga yake. Baba yake angekuwa hai, labda angepata jibu lake pale.

Mwezi wa Agosti akavuka mupaka Tanger na masanduku yake. Kule Tanger kulikuwa Wahispania wengi wa kazi za mikono. Walipata vitabu vile vile ambavyo katika inchi yao walikatazwa. Hivi Afrika ilipokea kitu ambacho Ulaya ilikifukuza, na si mara ya kwanza: Yosefu na Maria walileta nani Misri?

7. Mwisho wake

Alirudi Sevilla, na katika Novemba wakamufunga tena kwa usiku mumoja juu ya neno la pasporo. Katika Aprili 1840 akatoka Hispania kwa Cádiz, asirudie kazi ile. Alikwenda pamoja na mujane Mary Clarke na binti yake, na mwezi ule ule akamuoa London. Kisha akaandika kitabu juu ya safari zake, Biblia katika Hispania, kilichotoka Desemba 1842. Watu walikigombania. Hata waziri wa kwanza Robert Peel alikitaja katika bunge. Katika 1921 kilitafsiriwa kwa Kihispania na Manuel Azaña, ambaye nyuma alikuwa rais wa inchi ile.

Vitabu vingine vilivyofuata havikupendwa sana wakati ule. Borrow alikuwa mutu wa kiburi, mwepesi wa kukasirika. Aligombana na marafiki, na Wakatolika aliwaandika kwa maneno yasiyo ya upendo. Muke wake alikufa katika 1869. Yeye alikufa kwa Oulton tarehe 26 Julai 1881, na wengi walikuwa wamemusahau. Alizikwa London karibu na muke wake.

Wapendwa wasomaji, tunajua ulizo lenu: matunda iko wapi? Alipotoka Hispania hakuacha kanisa hata moja, na duka lake lilikuwa limefungwa. Lakini mwezi wa Septemba 1868 mapinduzi ya kumuondoa Malkia Isabel, yule mutoto wa zamani, yalianza katika bahari ya Cádiz, na katiba ya 1869 ikaruhusu kila mutu kuabudu kwa imani yake. Mulango ule ambao Borrow alipita kwa shida, ni pale uhuru ulianzia. Hatusemi ni yeye aliyeufanya. Wengi waliteswa katikati, kama Manuel Matamoros wa Málaga, aliyefungwa Granada mwanzo wa miaka ya 1860 juu ya imani yake. Na nyuma, wakati wa Franco, milango ya Waprotestanti ilifungwa tena kwa miaka mingi, mupaka sheria ya 1967 na katiba ya 1978. Uhuru si kitu cha kupata mara moja na kulala.

Hatuandike haya kwa kuchokoza ndugu zetu Wakatolika. Leo katika inchi mingi wanatafsiri Biblia pamoja na sisi, na hata kitabu cha Borrow kilikuwa tafsiri ya Mukatolika. Tunaandika juu ya wale kati yetu wanaowaza kwamba luga ya kijijini ni haya, na luga ya kweli ni Kifaransa tu. Borrow alijua Kifaransa, lakini hakikutosha kwa Mugitano wa Badajoz. Wewe unayejua Kinande, Kilega, Kishi ao Kibembe, unashika ufunguo wa mulango ambao mutu wa Ulaya alitembea kilomita 180 kuutafuta. Usiutupe.